Namba ya Desemba

Dervla Crowley aliitwa jina lake mbele ya watu ishirini na kitu, na kati ya hao mmoja akacheka.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Septemba, katika kituo cha ukaguzi wa magari pembezoni mwa jiji la Cork. Chumba cha kungojea kilijaa pomoni. Watu walijipanga kwenye kioo kirefu wakitazama magari yao yakiinuliwa na kutikiswa huko ndani, kimya kabisa, kama ndugu wa mgonjwa wanaosubiri majibu. Dervla alivaa sare yake ya bluu ya uuguzi na koti la mvua lililofungwa mpaka kidevuni. Nywele zake nyeusi alizibana kwa haraka, na sasa zilikuwa zinajifungua zenyewe upande mmoja.

Mkaguzi akasoma karatasi yake kwa sauti ambayo hakuna aliyemwomba aipandishe. "Breki za nyuma, limefeli. Shokapu, zimefeli. Ekzosi..." Akasita. "Dada, ekzosi imefungwa na nini hii?"

"Henga," akasema Dervla.

"Henga ya nguo?"

"Ya koti. Ile ya waya."

Hapo ndipo mtu akacheka. Si kicheko cha chinichini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sweta la kijani lililochanika kiwiko, mikono mikubwa, macho yenye mzaha. Dervla alimgeukia huku damu imempanda usoni.

"Unacheka nini wewe?"

"Samahani, nesi. Nilikuwa nawaza koti lenyewe sasa limelala wapi."

"Limelala kitandani, na si kazi yako."

"Kweli si kazi yangu," akasema, na akaonekana kuona haya kidogo. "Mimi naitwa Fintan Hurley. Teksi yangu imepita ukaguzi sasa hivi. Ile nyeusi pale. Unakwenda wapi na hizo breki?"

"Kwa mgonjwa. Gurranabraher. Nimeshachelewa."

"Hutoki hapa na gari lile, utamuua mtu. Twende nikupeleke."

Alikataa mara moja, akaangalia saa, akakataa tena kwa sauti ndogo zaidi, kisha akapanda. Barabarani aligundua kitu kilichomrudishia hasira yake yote.

"Washa mita."

"Nakupa lifti tu, jamani."

"Mimi si wa kupewa lifti na mtu aliyenicheka. Washa mita."

Fintan akawasha. Safari nzima akawa anamtazama kwenye kioo, na Dervla akawa anatazama dirishani ili asionekane kwamba naye anatamani kucheka.

Walipofika, Bibi Nell Buckley alikuwa dirishani kama kawaida yake, miguu yake yenye vidonda imewekwa juu ya kigoda. Hakuna gari lililopita mtaa ule bila yeye kulisoma namba. Dervla alipoingia na sanduku lake la bandeji, swali la kwanza halikuwa la vidonda.

"Nani huyo aliyekufungulia mlango?"

"Dereva wa teksi, Bibi Buckley."

"Madereva wa teksi hawafungui milango," akasema bibi. "Huyo anataka kitu."

Na kweli alitaka. Jioni ile simu ya Dervla ililia. Alikuwa amempa namba ili amtumie risiti, na risiti haikuja hata siku moja.

"Nesi, unahitaji gari jipya."

"Najua. Nimeweka akiba miaka sita. Gari jipya, Fintan, si la mkononi. Sijawahi kukaa kwenye kiti ambacho hakijakaliwa na mtu mwingine. Liwe la kuaminika, lisinitupe njiani nikiwa na mgonjwa wa sindano, na siku nikiliuza lisiwe limeisha thamani. Ndiyo hayo tu."

"Basi usimsikilize muuzaji. Tusikilize sisi wa teksi. Gari tunaloliendesha miaka kumi bila kulia ndilo la kununua. Halafu tazama magazetini lile la miaka mitatu linauzwaje. Likiwa bado ghali, ujue hilo ndilo."

"Unanifundisha?"

"Nakutongoza, ila sijui njia nyingine."

Vuli nzima ikapita hivyo. Jumamosi walizunguka maduka ya magari, wakafungua milango na kuifunga ili wasikie inavyogonga, wakabishana juu ya matairi, wakala samaki na chipsi ndani ya teksi huku mvua ikipiga paa. Dervla alitaka gari la manjano. Fintan akashika kichwa.

"Manjano! Mpenzi wangu, siku ya kuuza nani atalichukua? Kijivu. Nyeusi. Fedha. Mtu akinunua gari la mkononi hataki rangi, anataka amani."

"Wewe huna roho."

"Ninayo. Iko rangi ya kijivu."

Akacheka, akakubali, kwa sababu alijua kwamba Fintan anasema kweli. Hatimaye akachagua gari dogo la Kijapani, la petroli na umeme kwa pamoja, rangi ya fedha, lisilo na urembo wowote, gari ambalo nusu ya madereva wa jiji walikuwa wanalo na hakuna aliyelilalamikia.

Dukani, muuzaji aliyeitwa Ger Twomey, mwenye suti ya kubana na viatu vya ncha, alimweleza Fintan injini, akamweleza Fintan bima, akamweleza Fintan dhamana. Kisha akamgeukia Dervla kwa tabasamu. "Na bibie angependa viti vya rangi gani?"

Dervla aliweka kalamu mezani.

"Bwana Twomey, mwenye fedha ni mimi. Mwenye leseni ni mimi. Huyu nimekuja naye anishikie mwavuli."

Fintan akauinua mwavuli juu, kama mtu aliyeapishwa. Siku hiyo ndipo Dervla alipompenda moja kwa moja. Baba yake alibadilisha magari saba maishani mwake, na mama yake hakuulizwa hata rangi. Aliletewa tu mlangoni, akaambiwa panda. Dervla alikua akimwangalia mama yake akipanda. Sasa huyu mwanamume alikaa kimya na mwavuli.

Wakapanga gari litoke Januari. Hilo halikuwa na mjadala. Ireland gari huvaa mwaka wake usoni: tarakimu za mwanzo za namba ndizo mwaka, na inayofuata inasema ni nusu ya kwanza au ya pili. Gari lililosajiliwa Desemba, ikifika mwezi wa kwanza, mtaa mzima unalisoma kuwa la mwaka jana, na mnunuzi wa kesho naye atalisoma hivyohivyo. Watu wenye akili zao husubiri. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya namba ya pili ya simu, ya mtu wa kupigiwa endapo mwenyewe hapatikani. Dervla hakuwahi kuijaza nafasi hiyo popote, si kazini, si benki. Safari hii aliandika namba ya Fintan. Hakumwambia mtu.

Desemba ilianza vibaya. Gari lake la zamani lilikata roho katikati ya daraja, henga na yote. Akawa anakwenda kwa wagonjwa kwa basi na kwa miguu, akipanda vile vilima vya Cork na sanduku begani. Siku moja ya barafu aliteleza, akaangukia mkono, akarudi nyumbani kiganja kimefungwa bandeji.

"Nitakupeleka mimi kila asubuhi," akasema Fintan kwenye simu.

"Na kazi yako?"

"Kazi haikimbii."

"Nimesema hapana. Bado wiki tatu tu. Nitatembea."

Tarehe ishirini, mchana, alisikia honi nje. Alitoka na aproni yake, mikono ina unga. Mbele ya mlango lilisimama gari dogo la rangi ya fedha, utepe mwekundu umefungwa kwenye boneti, na ndani yake Fintan anacheka mpaka masikioni, na kwenye kiti cha nyuma bonge la nyama ya viungo ya Krismasi kutoka sokoni.

Kwa pumzi moja tu, Dervla alifurahi. Kisha akasoma namba.

"Hii namba ni ya mwaka huu."

"Nesi, nisikilize..."

"Fintan. Leo ni tarehe ishirini Desemba. Hii namba ni ya mwaka huu."

"Twomey alinipigia. Gari lilifika mapema, akasema..."

"Alikupigia wewe?"

"Wewe ulikuwa kwa mgonjwa, hukupokea. Na mkono wako ule, na barafu, nikaona..."

"Ukaona!" Sauti yake ilipanda mpaka jirani akafungua dirisha. "Ukaona! Miaka sita nimekula mkate mkavu kwa ajili ya gari hili, na baada ya siku kumi na mbili litakuwa la mwaka jana! Nani alikuambia uone? Wewe wa teksi, wewe uliyenifundisha, ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Nilijua gari litapoteza. Nikaona heri gari lipoteze kuliko uvunjike shingo."

"Shingo ni yangu! Gari ni langu! Mlikaa wanaume wawili kwenye simu mkaniamulia!"

"Dervla, mpenzi, ni upendo huo."

"Baba yangu naye alisema ni upendo. Nipe funguo."

"Ngoja kwanza..."

"Funguo, Fintan!"

Alimpa. Akasimama barabarani mikono mitupu, sweta lile lile la kijani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha wowote machoni. "Nyama iko nyuma," akasema kwa sauti ya chini.

"Nyama nitaila. Wewe nenda."

Akaenda kwa miguu. Dervla aliikata ile nyama Krismasi yote peke yake, na kila kipande alikitafuna kwa hasira.

Januari ikamkuta bado anafoka. Kila mtaa ulikuwa na magari yanayong'aa yenye namba mpya, na lake, safi vilevile, likiwa katikati yao kama kiporo. Bibi Buckley hakumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Umenunua la mwaka jana?"

"Ni jipya, Bibi Buckley."

"Namba inasema la mwaka jana."

"Namba ina wiki tatu!"

"Sasa mbona hukusubiri, mwanangu?" akauliza bibi kwa huruma, na huruma ile ilimuumiza Dervla kuliko kejeli.

Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba gari lilikuwa zuri. Liliwaka kila asubuhi, katika baridi na ukungu, kwa mguso mmoja. Halikumtupa njiani hata siku moja. Kila lilipowaka alimkumbuka yule mtu, na kila alipomkumbuka alikanyaga breki kwa nguvu isiyo ya lazima.

Wiki ya pili ya Februari alikwenda dukani kumpa Ger Twomey vidonge vyake. Alimpa vyote, mbele ya wateja. Twomey alisikiliza huku viatu vyake vya ncha vikirudi nyuma hatua moja moja.

"Nilikupigia mara tatu, bibie. Hukupokea. Nikampigia Bwana Hurley, akakataa. Nikamwambia lile gari lina mtu mwingine anayelitaka, na lako lingine lingekuja Aprili. Akakataa, akasema mpigie mwenyewe. Nikapiga, kimya. Nikampigia tena. Ndipo akaniuliza kama barafu itaendelea wiki hiyo. Nikamwambia redio inasema itaendelea. Akasema haya, litoe."

"Na wewe hukuweza kungoja nitoke kwa mgonjwa?"

"Ilikuwa mwisho wa mwaka, bibie. Nilitaka kufunga hesabu ya mauzo."

"Yaani ulimbana kwa ajili ya mauzo yako." Alimkata jicho ambalo Twomey hatalisahau. "Namba yangu unayo. Siku nyingine utapiga mpaka nipokee."

Ndani ya gari, bado amefunga mkanda mbele ya duka, alipiga simu ambayo hakuwa ameipiga kwa wiki saba.

"Kwa nini hukuniambia ulimkataa?"

Upande wa pili kukawa na sauti ya mvua na ya injini. "Dervla?"

"Jibu. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu mwishoni nilikubali," akasema Fintan. "Ningesema mengine yangekuwa ya kujitetea tu. Ulikuwa na haki. Nilipaswa kuja mwenyewe mpaka kwa mgonjwa nigonge mlango. Nilikuwa dakika kumi tu kutoka pale. Nilitaka kuuona uso wako ukiliona gari."

"Basi uliuona."

"Niliuona."

Alikata simu, kwa sababu hakutaka kumpa machozi yake.

Akatulia, au alijidanganya ametulia, mpaka mwezi wa Juni. Siku ya Jumatano simu ikalia akiwa anakunja bandeji. Ilikuwa Twomey, sauti imejaa heshima mpya.

"Bibie Crowley, samahani sana. Bwana Hurley teksi yake imetimiza miaka kumi, sheria hairuhusu tena, lazima anunue jipya. Amekuja, amekaa, amejaza fomu. Kila nikimwuliza kitu ananiambia mpigie Bibie Crowley. Aina gani, mpigie. Rangi gani, mpigie. Siku ya kusajili, mpigie. Nimemwambia haiwezekani. Anasema ataendelea kukaa hapa."

"Yuko hapo sasa?"

"Amekaa kwenye kiti cha wateja tangu saa nne. Ameleta mwavuli."

Dervla alifunga macho. Hasira ya miezi sita ilimpanda yote kwa pamoja, na juu yake kitu kingine ambacho hakutaka kukitaja. Anadhani anaweza kuninunua kwa mwavuli, akawaza. Vizuri sana.

"Gari kama langu, lakini kubwa zaidi," akasema. "La kuaminika. Hapo simkomoi, ana abiria. Mnayo ya manjano?"

"Manjano?" akauliza Twomey. "Kuna moja. Lilikuja kwa makosa, hakuna anayelitaka. Bibie, teksi ya manjano... siku ya kuuza..."

"La manjano. Na lisajiliwe Ijumaa."

"Ijumaa hii? Lakini Jumatatu ni tarehe mosi Julai! Namba mpya zinaanza Jumatatu! Siku tatu tu, bibie, nakuomba, hata mimi moyo unaniuma."

"Ijumaa, Bwana Twomey. Mwulize kama ana neno."

Alisikia simu ikifunikwa kwa kiganja, kisha sauti ya Fintan kwa mbali, tulivu kabisa: "Umeambiwa Ijumaa. Ni Ijumaa."

Wiki mbili baadaye jiji zima lilikuwa linaijua ile teksi ya manjano. Bibi Buckley aliiona ikipita akapiga kelele mpaka Dervla akaangusha mkasi. Kwenye kituo cha teksi cha Barabara ya Patrick, madereva wengine walimpa Fintan jina: Ndizi. Asubuhi walimpigia honi, Ndizi! Mchana wakamwuliza kama ameiva. Alikuwa na namba ya nusu iliyokwisha juu ya rangi isiyouzika, yeye aliyekuwa akiwashauri wenzake wote.

Jumamosi iliyofuata Dervla aliliacha gari lake nyumbani. Alivaa gauni jeupe lenye maua madogo ya bluu, ambalo Fintan hakuwahi kuliona, na viatu vya kutembelea, akashuka kilima mpaka mjini. Jua lilikuwa limetoka na watu walijaa barabarani na mifuko yao ya manunuzi. Teksi ya manjano ilikuwa ya tatu kwenye foleni. Akazipita mbili za mbele, akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

Fintan aliwasha mita bila kugeuka. "Wapi, bibie?" Kisha akatazama kwenye kioo, na mkono wake ukabaki hewani.

"Gurranabraher," akasema Dervla.

Wakaondoka huku honi zikiwasindikiza na mtu akipaza sauti, "Ndizi kapata abiria!" Wakavuka mto. Taa nyekundu ya kwanza ikawasimamisha.

"Inakuudhi?" akauliza Dervla.

"Kila siku. Jana mtoto alinipungia mkono akiniita tunda."

"Safi."

"Wiki ya kwanza nilikasirika hadi nikashindwa kula. Kila nilipotoka mlangoni nikaiona, nikasema mwanamke huyu kanifanyia nini." Alikuwa anamtazama kwenye kioo. "Ndipo nikaelewa kidogo. Kidogo tu. Maana mimi nilikupa ruhusa mwenyewe. Wewe hukunipa, nikajichukulia. Niliyokufanyia mimi ni mabaya zaidi, na nilikuimbia ni upendo. Nisamehe, Dervla."

Taa ikawa kijani. Nyuma yao mtu akapiga honi. Fintan hakusogea.

"Hutapata mtu wa kuinunua," akasema Dervla. Sauti yake ilikuwa bado kali, lakini ukali wenyewe ulianza kuyumba. "Miaka kumi ikiisha. Namba ile, rangi hii. Hakuna mtu."

"Siiuzi."

"Kila mtu anauza."

"Mimi siiuzi. Wakinikataza teksi nitapakia viazi." Akasogeza gari pembeni, akasimama mbele ya duka la mkate, akageuka mzima mzima kwenye kiti chake. Kiwiko cha sweta kilikuwa kimeshonwa, vibaya, kwa uzi wa manjano. "Nina swali. Na safari hii nauliza kabla. Ile nafasi ya namba ya pili kwenye fomu zako. Nataka kurudi pale. Kwenye fomu zako zote, za benki, za kazini. Na ile ya ndoa, ukiitaka. Usipoitaka nitakupeleka kwa Bibi Buckley na sitasema neno tena."

Dervla alimtazama. Alikuwa bado na hasira naye, na alijua atakuwa na hasira naye mara nyingi sana, kwa miaka mingi, jikoni, kwenye simu, njiani. Hakuona mtu mwingine ambaye angetaka kumkasirikia kiasi hicho.

Akainama mbele, akaweka mkono wake begani kwa Fintan, akaonyesha kwa kidole ule mwanga mdogo mwekundu uliokuwa ukiendelea kuhesabu.

"Zima mita," akasema.